Mkono wa Kulia wa Ndaki

Nyumba ya Ndaki na mkewe Wilhelmina iko nje kidogo ya Bariadi, kando ya njia ya kwenda kituo cha kununulia pamba. Msimu wa pamba njia hiyo haina pumziko. Watu hupita na mafurushi kichwani, kwenye baiskeli na kwenye mikokoteni ya punda. Kila anayepita husimama kusalimia, hata awe na haraka kiasi gani.

Mwaka huu kiti cha Ndaki mlangoni kilikuwa kitupu. Mwezi wa nne alipata kiharusi. Mguu wa kulia ulipata nafuu, akawa anatembea kwa fimbo. Mkono wa kulia ulikataa. Vidole vilianza kujikunja. Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliwapa karatasi yenye picha.

"Kila siku," alisema. "Mkono usipotumika miezi hii, utakakamaa. Kuunyoosha baadaye itakuwa shida sana."

Wiki za kwanza walifanya vizuri. Wilhelmina aliushika mkono, Ndaki akasukuma, wakahesabu pamoja mpaka kumi. Kisha pamba ikapasuka shambani, na pamba haimsubiri mgonjwa. Binti yao Salu ameolewa mbali, Mkula. Wilhelmina alikuwa peke yake. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akapika uji, akaenda kuchuma mpaka jua likazama.

"Mama Salu, na mazoezi?" Ndaki aliuliza siku za mwanzo.

"Kesho, baba Salu. Leo mgongo umekatika."

Kesho ilizaa kesho nyingine. Mwishowe Ndaki aliacha kuuliza. Asubuhi moja kuni zilikuwa mbichi, na Wilhelmina akatumia ile karatasi ya mazoezi kuwashia moto. Alilia pale pale jikoni, akajifuta uso, akaenda shambani. Wewe unayesoma, usimlaumu haraka. Mikono ya kufanya kazi katika nyumba ile ilikuwa imebaki miwili tu.

Jumatatu moja alifika Jenifer, mhudumu wa afya wa kijiji. Alimkuta Ndaki ndani, gizani, mlango umerudishwa.

"Mwangaluka, baba," Jenifer alisalimia kwa Kisukuma, akanyoosha mkono.

"Mwangaluka, mwanangu," Ndaki aliitikia. Mkono wake aliuficha chini ya shuka.

"Mbona hunipi mkono?"

"Wa kulia umekufa. Wa kushoto simpi mtu, sikulelewa hivyo. Watu wanapita hapo nje wananiita kwa jina, nanyamaza kama mwizi. Heri kiharusi kingenimaliza."

Jenifer hakumbembeleza. "Mazoezi mnafanya?"

"Saa ngapi? Mke wangu anakufa na pamba."

"Kwa siku wanapita watu wangapi hapa?"

"Thelathini. Arobaini. Siku ya mnunuzi huwezi kuhesabu."

"Na wote wanataka kukusalimia. Basi muda upo, baba. Unapita mlangoni kwako na wewe umeufungia nje."

Alimwonyesha la kufanya. Mkono wa kushoto ushike kifundo cha ule wa kulia. Sukuma mbele polepole. Jaribu kufungua vidole. Anayesalimia apokee tu, asivute. Bega likiuma, pumzika.

Ndaki alijitazama. "Mbona hivi ndivyo tunavyowasalimia wakubwa? Mkono mmoja unaushika mwingine?"

"Ndiyo. Kwa hiyo hakuna atakayeuona ugonjwa. Wataona heshima. Na dawa za presha umeze kila siku, hata ukijisikia vizuri. Siahidi kwamba mkono utarudi wote. Nakuambia tu kwamba ukiuficha, utazidi kukakamaa."

Siku ya kwanza Ndaki alisalimia watu tisa. Siku ya pili, kumi na mmoja. Siku ya tatu alipita jirani yake Mayala, akafurahi mno kumwona rafiki yake nje, akaushika mkono na kuuvuta. Ndaki alipiga kelele. Akarudi ndani, akageukia ukuta.

"Nilisema umekufa," alimwambia mkewe jioni. "Mniache sasa."

Wilhelmina alikaa chini kando yake na vumbi lake lote la shambani, na hakuna aliyekula usiku ule.

Asubuhi sauti iliita njiani. "Ndaki! Pamba yangu haitoki hapa mpaka unisalimie!" Alikuwa Mayala na baiskeli yake imesheheni. "Jenifer ameshanigombeza. Sivuti tena!"

Ndaki alijifunika shuka. Mayala alisimama. Mikokoteni ikaanza kujazana nyuma yake, na punda mmoja akalia. Mwishowe Ndaki aliona aibu ya kukaa ndani imezidi ile ya kutoka. Akatoka na fimbo yake.

Tangu siku hiyo hakuhitaji kukumbushwa. Akichelewa kutoka, wapita njia walimwita. Siku za maumivu zilikuwepo, na siku za kutoona badiliko lolote zilikuwa nyingi zaidi. Hata hizo alisalimia. Mwezi wa tisa pamba iliisha, njia ikawa tupu, na yeye akawa anawafuata majirani nyumbani kwao, nyumba kwa nyumba.

Jioni moja Wilhelmina alirudi na mzigo wa kuni. Ndaki alikuwa kitini mlangoni. Akanyoosha mkono wa kulia kumsalimia. Ule wa kushoto ulibaki mapajani.

"Mwadila, mama Salu."

"Mimi pia unanipa mkono?" Wilhelmina alitua kuni, akaupokea. Vidole viwili bado vilikuwa vimejikunja. Vingine vilimfinya, kwa udhaifu, lakini vilimfinya. Machozi yakamtoka.

"Ile karatasi niliichoma," alisema.

"Najua. Nilikuona," Ndaki alijibu. "Usiniachie kwanza. Hesabu mpaka kumi."

Wakahesabu pamoja.