Mama Amekataa Kujificha

"Mama, tafadhali inuka. Baba Nakibuule anaingia."

"Nani?"

"Kiwuuwa, Mama. Mume wangu."

"Mimi namwona mwalimu asiye na shule," mama akasema, akasogea karibu zaidi na mahali Kiwuuwa anapoketi. "Karibu, kijana. Kula."

Nilitamani mkeka unimeze. Kwetu Buganda, mama na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mama hujifunika leso usoni akapita pembeni. Wakiwa na la kusemezana, husemezana ukuta ukiwa katikati. Ndiyo heshima yenyewe. Mama anayemkazia mwanamume macho na kumkaribisha matoke anamwambia, bila tusi hata moja, kwamba wewe si mkwe wangu.

Kiwuuwa alisimama mlangoni na jembe begani. Akashukuru, akachukua sahani yake, akaenda kula jikoni nje. Alijificha kwa niaba ya wote wawili.

Mama alikuwa amekuja kunichukua. Alifika kwetu karibu na Masaka na begi tupu la kutilia nguo zangu. Kabla hajalijaza, redio ikatangaza shule zote zimefungwa kwa sababu ya korona, na punde magari ya abiria nayo yakazuiwa. Tukakwama wote: mimi, mume wangu, binti yetu Nakibuule wa darasa la pili, na mama aliyekuja kuivunja nyumba anayolala.

Sababu alikuwa nayo. Alinisomesha kwa kusuka mikeka mpaka vidole vikapinda. Nilikuwa kidato cha tatu, msichana mkubwa wa miaka kumi na tisa kwa vile ada ilikuwa ikisuasua, nilipopata mimba ya Kiwuuwa, wakati huo mwanachuo wa ualimu. Tukaanza kuishi pamoja bila yeye kuja na ukoo wake kujitambulisha kwetu. Sasa shule binafsi alikofundisha ilikuwa na kufuli, mshahara hakuna, naye alilima mashamba ya watu tupate muhogo.

Halafu kulikuwa na Ssemwanga, mfanyabiashara wa kahawa wa kijijini kwa mama, mgane, mwenye gari lake, aliyetaka kunioa. Alipiga karibu kila jioni, na mama aliiweka simu sauti ya juu makusudi.

"Mama, hajambo binti yako?"

"Hajambo. Anakonda tu."

"Barabara zikifunguliwa, siku hiyohiyo niko hapo."

Kiwuuwa aliyasikia yote na hakujibu neno. Mimi ndiye niliyewaka. Nikamuuliza chumbani kama anangoja nipakiwe garini ndipo ulimi wake ufunguke.

"Mama yako hakosei," akaniambia. "Alikuwa na kazi yake mkononi, nikaikatiza. Acha niimalize, ndipo nitakuwa na la kusema."

Sikumwelewa mpaka kesho yake. Aliupaka mlango wa sebule mkaa uliosagwa na maji ya majani ya muhogo, ukawa ubao. Chaki ikawa vipande vya muhogo mkavu. Asubuhi alimfundisha Nakibuule kufuatana na masomo ya redioni. Mchana, alipotoka shambani, akanigeukia.

"Na wewe kaa."

"Mimi?"

"Uliachia kidato cha tatu. Tunaanzia hapo."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Akauliza kama hesabu zikiisha tutaulamba mlango, maana huyu anaandika kwa chakula. Hata Kiwuuwa alicheka. Lakini mama hakuishia hapo.

"Mwizi wa kuku leo anarudisha manyoya," akasema.

Kiwuuwa akaacha kucheka.

"Kweli, Mama. Aliyemtoa shuleni ni mimi. Na sirudishi manyoya. Nitamrudisha kuku mzima."

Mama hakuondoka. Kila mchana alikaa na mkeka wake palepale, akimkodolea macho. Kiwuuwa naye akafundisha akiwa ametupa mgongo, anaongea na mlango, ili asimtazame usoni mama aliyekataa kujificha. Nakibuule alidhani ndivyo walimu wote wanavyofundisha.

Kusoma ukiwa mama wa mtu si mchezo. Kuna siku nilivunja ile chaki ya muhogo nikasema basi, kichwa changu kimejaa moshi wa jikoni. Kiwuuwa hakunibembeleza. Aliokota kipande, akaandika swali lilelile upya, akatoka kwenda kuteka maji. Nilipokata shauri nikamenye matoke, kikapu sikukiona. Mama alikuwa nacho uani, kisu mkononi.

"Rudi kasome," akasema bila kuinua uso. "Matoke hayana mtihani."

Tangu siku hiyo kisu hakunirudishia. Lakini Kiwuuwa akiingia, bado alimwambia karibu, kijana.

Watoto wa majirani wakaanza kuchungulia darasa letu, nami nikawa nawafundisha wadogo Kiwuuwa akiwa shambani. Ndivyo nilivyokuwa siku ambayo magari yaliruhusiwa tena. Ujumbe wa Ssemwanga ukaingia, nikamsomea mama: "Nimefika kituo cha mafuta. Mwambieni afunge nguo."

Mama alikuwa amekwisha kuvaa gomesi lake zuri, gauni la Kiganda la siku kubwa.

"Mimi siendi, Mama," nikasema.

"Sijakuuliza."

Ssemwanga akaingia, barakoa kidevuni, sukari na nyama mkononi. Akakaribishwa kiti. Akautazama mlango uliojaa namba.

"Maandishi haya ni ya nani?"

"Yangu. Najiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne."

Akatabasamu. Hakuwa mtu mbaya. "Hayo utayaacha hapa. Kwangu utakaa dukani, utapumzika. Mwanamke aliyekwisha zaa asome ili iweje?"

Mama alikuwa akikunja mkeka. Mikono ikasimama.

"Hebu rudia, mwanangu. Sikusikia vizuri."

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, akaongeza kwamba vitabu humzeesha mwanamke.

Hapo Kiwuuwa akatokea uani, matope hadi magotini. Aliliona gari. Alisimama kizingitini, akawa tayari kugeukia jikoni kama kawaida yake.

Mama akainuka. Alivuta leso, akajifunika kichwa na uso, akainama akipita ubavuni mwa ukuta mbiombio kama bibi harusi, akazama nyuma ya pazia la chumba.

Ssemwanga aliliangalia pazia, akamwangalia Kiwuuwa. Naye ni Muganda. Hakuhitaji kutafsiriwa.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya chini, ya adabu, sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mama yangu.

"Mkwe wangu, umeshindaje huko shambani?"

Kiwuuwa aliweka jembe chini. Akachuchumaa kando ya pazia, ameelekea upande wa pili.

"Nimeshinda salama, Mama," akasema. "Nanyi hapa?"

"Sisi wazima. Tuna mgeni, ila anaondoka. Mtafutieni ndizi za njiani."

Ssemwanga akasimama, akajipangusa suruali.

"Mama, ungeniambia kwenye simu ningeokoa mafuta."

"Kwenye simu nilikuwa sijajua bado," pazia likajibu.

Akatoka kiungwana. Sukari aliwaachia wanafunzi.

Mtihani niliufanya mwaka uliofuata nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na nikafaulu. Ukoo wa Kiwuuwa ukaja kwetu na kanzu zao, wachache kama masharti ya korona yalivyotaka, nikaolewa mchana kweupe. Shule zote zilipofunguliwa hatimaye, tulitoka nyumbani watatu asubuhi moja: Nakibuule darasani kwake, baba yake kufundisha, mimi chuo cha ualimu.

Mama alikuwa amekuja kututembelea. Kabla hatujaondoka, Kiwuuwa alipotoka chumbani alikuta sebule tupu, na mezani chai yake imefunikwa sahani, bado inafuka. Akainywa yote, akaugeukia ukuta wa jikoni akausalimu na kuushukuru kwa heshima zote.

Upande wa pili nikasikia mama anacheka.