Pumzi Kwenye Spika

Jua lilikuwa linazama dada yangu aliponiletea simu ya marehemu baba, yenye rekodi ya sauti yake.

"Mdogo wangu, hebu niondolee haya makelele," alisema. "Nataka nimsikie vizuri. Mara moja tu."

Dada ni fundi cherehani. Tangu tumzike baba, wiki mbili nyuma, alikuwa hajapata usingizi wa maana. Mimi natengeneza kurasa za mtandao. Nikaandika ukurasa mdogo: kivinjari cha kompyuta kinaikata sauti vipande vipande, na kila kipande kikifika kinaiita programu yangu ikichuje kelele. Pembeni nikaweka namba ya kuhesabu vipande.

Baba alisikika akilalamikia bawaba za mlango wa uani. Basi. Rekodi ikaishia hapo, kwenye kipande cha mia nane na kumi.

Kimya.

Halafu... 811. 812.

Hakuna kilichokuwa kinacheza. Bado kitu kiliendelea kuiita programu yangu. Nikaongeza sauti. Chumba kikajaa harufu ya ile dawa ya kuchua tuliyokuwa tukimpaka baba mgongoni.

"Lala, mwanangu," spika zikanong'ona.

Nikageuka. Dada alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, amefumba macho.

Fffh... fffh...

Spika zilikuwa zinapumua. Nikaweka kiganja puani kwa dada. Hakuna kitu. Kifua kimetulia tuli.

Pumzi yake ilikuwa inatokea kwenye spika.

Nikasimamisha programu. Pumzi ikakatika, na midomo ya dada ikaanza kugeuka rangi. Nikaiwasha tena. Rangi ya midomo ikarudi.

Daktari alikuja. Mapigo ya moyo yapo, alisema, mengine hakuyaelewa. Nikaufungua ukurasa kwenye kompyuta nyingine nihamishie pumzi huko, ikakaa kimya. Nikamwuliza mama baba anataka nini.

"Baba yenu hakuweza kukaa peke yake," alinong'ona.

Leo ni siku ya tisa tangu dada alale. Asubuhi kompyuta imeleta ujumbe kwamba itajizima na kujiwasha upya. Nimeahirisha mara mbili. Safari hii kitufe cha kuahirisha hakipo, na kila ninachojaribu kinagoma.

Zimebaki dakika kumi na nne. Sijamwambia mama. Amekaa pembeni ya kochi, anamsuka dada nywele.