Chuma Kilichokatwa Chini ya Mashua

Wewe unayesoma, uliona. Ulisimama bandarini, mashua imejaa mpaka maji yanalamba ukingo, akina mama wamekaa juu ya magunia. Ukageuza uso, ukaangalia simu yako. Kisha mashua ikazama, nawe ukaenda kulia kwenye matanga ya waliokufa pamoja na wengine. Leo usigeuze uso. Soma.

Paluku na muke wake Kyakimwa wanakaa Katuba, Lubumbashi. Kwao ni Kivu ya Kaskazini. Wananunua samaki Kasenga, kwenye muto Luapula, na kuwaleta mujini kwa kamyo, lori yao. Mwaka huu Paluku alinunua mashua ndogo ya tanga. Ilikuwa kuukuu, imelala katika majani kando ya ziwa, karibu na muji. Zamani mabwana wa migodi walijifurahisha nayo siku ya Mungu, Jumapili. Mimi nakumbuka. Baba zetu walifika pale kwa kuwasafishia mashua tu. Mabwana walienda zao. Hakuna aliyetufundisha namna mashua ile inavyosimama majini.

Chini ya tumbo la mashua kulikuwa na chuma kizito, kimeshuka kama ulimi. Paluku alikiangalia kwa macho ya mutu wa kamyo.

— Hii iko uzito ya bure, akasema. Itagonga muchanga ya muto. Tutoe, tupakie samaki.

Fundi wa vyuma akakikata. Kisha akapandisha kando za mashua kwa bati, kama vile wanapandisha kamyo ili ibebe zaidi.

Walipoishusha Kasenga, Mutale, fundi wa mashua wa pale, aliizunguka, akacheka kwa nguvu.

— Papa Paluku, kamyo yako iko na mapira ngapi ya kukimbia barabarani?

— Hii haiko kamyo. Iko mashua.

— Ah! Kumbe unajua!

Kyakimwa hakucheka. Siku ya soko yeye na binti yao Glodie walipaswa kuvuka muto pamoja na akina mama wa soko.

— Papa Mutale, sema wazi.

— Mama Glodie, upepo inasukuma tanga kule juu. Ile chuma ilikuwa inavuta huku chini. Bwana yako alikata. Sasa nani atavuta?

— Mungu iko, Paluku akasema.

— Mungu hakukata chuma, Kyakimwa akamujibu. Tupime kwanza.

Walijaza mifuko muchanga, wakaipanga juu ya viti, pale watu wangekaa. Mutale akafunga kamba kwenye muti wa tanga, akavuta upande mumoja, kama upepo. Mashua ililala. Haikuinuka. Ikapinduka, mifuko yote ikazama.

Kyakimwa aliangalia maji.

— Ule mufuko ya mbele, akasema, pale njo Glodie angeikala.

Paluku alikaa chini kwenye muchanga, kofia mukononi.

— Toka Katuba mpaka huku, Mutale akamwambia, kuja kutuzamishia bantu! Simama, tufanye kazi.

Walitoa bati yote. Walifunga chuma kingine, kifupi na kinene, kwa bulo kali, bolti za kukaza, chini ya tumbo, ili kisigonge muchanga wala kisiteleze. Walipunguza tanga. Chini ya viti walifunga mabidon matupu yenye vifuniko vya kukaza, ili mashua isizame hata ikiingia maji. Kwa nje Mutale alipiga mustari mwekundu.

— Maji ikifika kwa huu mustari, unaacha kupakia. Muzigo inakaa chini kabisa. Bantu banaikala, hapana kusimama. Na kila mutu anavaa jile ya kuelea.

Wakarudisha mifuko ya muchanga. Mutale akavuta kamba. Mashua ililala, ikatetemeka, ikarudi juu.

Siku ya soko upepo uliwakuta katikati ya muto. Akina mama walipiga kelele. Mashua ililala upande mpaka karibu na maji, kisha ikainuka. Glodie alishuka ng'ambo akilalamika kwamba kitenge chake kimeloa. Mama yake alimushika mukono, akamukamulia kitenge.

Sasa wewe. Kuna mashua inapakia leo hii bandarini kwenu. Nenda. Muulize mwenye mashua: ulipima na muchanga kabla ya kupandisha watu? Akicheka, usimubembeleze. Ingia majini, ushushe mutoto wa kwanza kwa mikono yako. Sasa hivi, kabla hawajafungua kamba.