Chaneli Isiyo na Waya

Taa ya chaneli ya ishirini na nne kwenye mixa, ile mashine ya kuchanganya sauti, ilikuwa inacheza, na chaneli ile haikuwa na waya hata mmoja. Abdiel akaitazama, akasonya, akasema ni vumbi. Vumbi! Mtu anajisifu miaka kumi na tano kwamba Arusha nzima hakuna fundi mitambo kama yeye, mixa yake inasikia kitu kisichokuwepo, yeye anasema vumbi.

Hebu niwaeleze huyu bwana alivyokuwa. Alimdharau kila aliyeshika maiki. Mwimbaji akiinua kidole jukwaani, "Fundi, niongeze kidogo," Abdiel alisukuma kidude cha chaneli hiyo hiyo isiyounganishwa na kitu, akauliza kwa upole wa kinafiki, "Sasa unasikika?" Mwimbaji anatabasamu, "Hapo safi!" Abdiel anageukia pembeni, anacheka. Alimfanyia Mzee Melkizedeki, mwimbaji wa besi, akawafanyia maharusi wa Kijenge, akamfanyia mpaka bibi mmoja aliyetaka tu kumwimbia marehemu mumewe. Hakuna hata mmoja aliyeongezwa sauti.

Kitu pekee ambacho hakukidharau duniani ni sauti ya binti yake, Irine. Jumapili ya kipaimara, kanisani Moshono, Irine alikuwa aimbe peke yake. Ndiyo asubuhi taa ile ilipoanza kucheza. Watu walipokwisha kukaa ikazidi kucheza, na Abdiel, kwa ubishi wake, akavaa hedifoni, akafungua ile chaneli asikilize.

Kwanza ilikuja harufu ya udongo wa kaburi. Halafu pumzi. Halafu sauti zikaanza kumjia taratibu, ya mzee wa besi, ya maharusi, ya yule bibi mjane, zote alizozinyima spika, zimesongamana ndani ya masikio yake, na chini yao kulikuwa na moja asiyoijua, nzito, yenye subira, ikimnong'oneza karibu kabisa na shavu kwamba umeniita mara elfu, fundi, kila siku unaniuliza kama nasikika, na leo nimekuja kukujibu.

Akazing'oa hedifoni. Mbele, Irine alikuwa ameshaanza kuimba. Mdomo unafunguka, mishipa ya shingo imemtoka, na kanisa zima halisikii kitu. Sauti yake ilikuwa inatoka kwenye zile hedifoni mkononi mwa baba yake, ndogo, inalia, "Baba! Baba!"

Binti akaanguka. Mama Lydia, kiongozi wa waombaji, akampakata, akaweka sikio kooni pake. Akainua kichwa haraka.

"Baba Irine," akanong'ona, "kuna jini humu. Linasema wewe ndiye uliyelikabidhi nafasi uliyowanyima watu. Umefanya nini?"

"Mimi? Sijafanya chochote."

"Usinidanganye, mtoto anakufa! Simama, waombe radhi wale uliowachezea. Yaseme yote kwa mdomo wako, litamwachia. Ukificha, halitoki."

Hapo mzazi yeyote angepiga magoti. Abdiel alichukua maiki, akarekebisha kola ya shati.

"Ndugu zangu, kama kuna niliyemkosea, samahani. Ila tuseme ukweli, wengi wenu hamjui kuimba. Mimi niliwasitiri tu."

Watu wakatazamana. Mzee Melkizedeki akainamisha kichwa.

"Baba Irine, nakusihi," Mama Lydia akasema huku analia. "Sivyo hivyo."

"Si nimeshaomba? Mnataka nini tena?"

Spika zote zikavuma kwa pamoja, madirisha yakatetemeka, na Irine akafumbua macho, akaketi mwenyewe, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka kwenye koo lile jembamba la miaka kumi na tano ilikuwa nzito, ya mwanamume, ya kitu chenye subira.

"Nakaa hapa, Baba."

Watoto wa kipaimara wakapiga mayowe, wakakimbilia mlangoni na mashada yao ya maua. Mama Lydia alibaki amemshika binti, hajui kama amshike au amwachie. Na Abdiel, mpumbavu yule, akainua maiki tena, akawaambia watu watulie, mtoto ana mafua.