Kikengele Kwenye Droo ya Vifungo

Haya hayakunipata mimi, nashukuru. Yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani. Mama yake mgonjwa alikuwa akimwita kwa kikengele kila mara. Siku moja, kazi zimemzidi, akakificha kwenye droo ya vifungo.

"Kimepotea, mama."

"Basi nitagonga ukuta, mwanangu."

Huenda aligonga. Cherehani ilikuwa ikinguruma. Rafiki yangu alipoingia chumbani, mama alishakata roho, kiganja kikiwa ukutani.

Juzi umeme ulikatika, akaenda kutafuta kifungo cha shati la mteja kwa kupapasa. Ndani ya droo kitu kikagonga, taratibu. Akaivuta. Vifungo vyote vilikuwa baridi. Mpini wa kikengele ulikuwa na joto, kama umetoka mkononi sasa hivi.