Injini ya Tatu

Wakati wa Mwingereza, tajiri mmoja wa Lindi alimwambia rafiki yangu Ambrosi, fundi wake, alete injini ya lori siku ile ile, ama kazi basi.

Ambrosi na mwenzake Hasani wakaingia banda la magari mabovu, giza tupu, kandili moja tu ikiwamulikia. Ambrosi akaegemeza bisibisi kwenye chuma cha injini, mpini sikioni asikilize ndani, Hasani akizungusha hendeli.

“Daktari, mgonjwa anapumua?”

“Zungusha wewe.”

Injini mbili ziligonga ndani, mbovu. Ya tatu ilizunguka kimya kabisa. Wakaifungua, Hasani akaivuta juu kwa mnyororo, Ambrosi ameikumbatia isiyumbe. Mnyororo ukambana Hasani vidole.

“Shikilia,” Ambrosi alisema. Injini ikivunjika, kazi hana.

Ndipo akasikia mtu akilia, akimsihi kwa jina. Akamtazama Hasani. Kinywa kilikuwa wazi, mishipa ya shingo imemtutumka, wala hakitoki hata kikohozi. Kilio kilitoka ndani ya chuma alichokikumbatia, kwa sauti ya Hasani.