Mswaki Ulioloweshwa Tu

Hebu niambie, umewahi kuulowesha mswaki ukaurudisha kikombeni bila kuupitisha kinywani? Usinijibu kwa sauti. Jijibu moyoni. Pini alifanya hivyo, tena si mara moja.

Pini alikuwa binti wa fundi cherehani. Wateja ndio waliompa jina hilo, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake unaochoma. Cherehani ya mama yake ilielekea ukutani, chini ya dirisha. Kila jioni, Pini akishafua soksi zake na kumaliza kazi za shule, alichokiona cha mama kilikuwa kisogo tu, na kilemba kilichochomekwa sindano tatu.

"Pini, umepiga mswaki?" mama aliuliza, mguu ungali kwenye kanyagio.

"Nimepiga, mama."

"Ulete."

Mama alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akakigusa kichwa cha mswaki. Vidole vile viliweza kutofautisha pamba na hariri hata macho yakiwa yamefumbwa. Vikikuta maji, basi, kesi imekwisha.

"Haya, kalale." Kisha akaukata uzi kwa meno, ta! Akaendelea kushona.

Siku moja gego la Pini likaanza kuuma. Angesema nini? Njia ya mwongo ni fupi, naye aliuona mwisho wake. Akanyamaza, akawa anatafunia upande mmoja. Siku ya nne, mama alimwita ampime sare mpya. Alipogeuka na futi yake shingoni, akamwona mtoto amelishika shavu kama anayezuia lisianguke.

"Wewe! Umeficha ndimu humo?"

Pini akaangua kilio.

Daktari wa meno, mwanamama mnene mwenye sauti ya upole, alimulika kurunzi. "Gego limetoboka. Tutaliziba leo. Mngechelewa zaidi, tungeling'oa. Kwani hapigi mswaki?"

"Kila jioni, daktari! Naukagua mwenyewe."

"Unakagua mswaki, au meno?"

Pini akainama. "Nilikuwa naulowesha tu," alinong'ona.

"Na wewe, mama, hebu cheka nikuone," daktari alisema. Jino la mbele la mama lilikuwa na pengo dogo, jembamba kama uzi. "Hili limeliwa na uzi. Mkasi huna?"

"Ninao," mama alijibu kwa haya. "Unaning'inia hapo hapo kwenye cherehani."

"Basi uache ufanye kazi yake," daktari alisema. "Sikilizeni nyote wawili. Kumdanganya mzazi ni rahisi, lakini jino halidanganyiki. Na mtoto hafuati unachomwamuru, mama, hufuata unachofanya. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Acha kukagua mswaki. Simama naye mpige pamoja, asubuhi na kabla ya kulala."

Jioni ile cherehani ilinyamaza mapema. Mama aliukata uzi wa mwisho kwa mkasi, akachukua mswaki wake, akaja kusimama na Pini mbele ya kipande cha kioo kilichotundikwa juu ya ndoo. Wakasugua juu, wakasugua chini, povu likamfika mama kidevuni.

"Sasa mbona ulinidanganya, mwanangu? Mswaki ulikuwa mzito?"

Pini akatema, akamtazama mama usoni.

"Haukuwa mzito, mama. Nilitaka usiushike mswaki tu, ugeuke unitazame."